Shajara ya mradi: kupanda maneno ndani ya riwaya ya kutisha ya vijana

Ninaandika riwaya kwa ajili ya wasomaji wa miaka 10 hadi 13. Ni hadithi ya njozi yenye kutisha: msichana aitwaye Saida anaingia usiku katika gofu la mnara kumtafuta mdogo wake aliyechukuliwa na zimwi. Nataka msomaji akifunga kitabu awe ameondoka na maneno ambayo hakuwa nayo, bila kuhisi kwamba alikuwa darasani. Shajara hii naiweka kwa ajili ya mzazi, mwalimu au mwandishi atakayetaka kufanya kazi ya namna hii, ili aone nilipopita na nilipoteleza. Gharama naihesabu kwa saa na kurasa, kwani ndivyo vilivyoniishia.

5 Januari: Orodha

Nimepitia kamusi kwa siku tatu na kugawa maneno kwa mafungu: giza, sauti, mwendo, hofu, jengo bovu. Nimepata 240. Utusitusi, tandabui, mahame, kihoro, kiwewe, bawaba, komeo, nyata, nyemelea, papasa, gubika, zizima. Nilikuwa nikiyasoma kwa sauti peke yangu na kufurahi kwamba lugha yetu ina hazina hii ya kutisha.

Saa 9. Kosa la kwanza nililifanya hapa bila kujua: niliyachagua kwa uzuri wake, sikujiuliza hadithi ingeyahitaji kwa kazi gani.

19 Januari: Sura ya kwanza haisomeki

Nimeandika kurasa 14 na kumpa mtoto wa kaka yangu, ana miaka 11, anisomee. Sentensi ya pili ilikuwa hii:

"Utusitusi uligubika mahame yale, tandabui zikining'inia kizingitini, na mzizimo ukampenya Saida hadi kihoro kikamshika."

Aliisoma vizuri bila kukwama hata silabi moja. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto anaweza kuteleza juu ya sentensi nzima asiyoielewa na wewe unayesikiliza ukadhani mambo ni shwari. Alipofika ukurasa wa nne aliweka karatasi chini akaniuliza, "Shangazi, Saida yuko ndani au nje?"

Nilihesabu. Ukurasa wa kwanza pekee ulikuwa na maneno 11 asiyoyajua, na ndiyo yaliyobeba mahali, hali ya hewa na hofu. Mtoto alibakiwa na viunganishi na jina la Saida.

Mwaka 2000 watafiti Hu na Nation walionyesha kwamba ili msomaji aielewe hadithi vizuri bila msaada, inafaa ajue kama maneno 98 katika kila 100. Kwa ukurasa wa maneno 250, mageni ni matano tu. Hesabu hiyo ilifanywa kwa Kiingereza, nasi tunabebesha neno moja mzigo mkubwa zaidi: "hatukumnyemelea" limeandikwa kama neno moja, lakini ndani yake mna nafsi mbili, ukanushi, wakati na kitendo. Kwa hiyo nimejiwekea kikomo cha maneno matatu mageni kwa ukurasa, na kurasa mbili za kwanza ziwe na moja tu.

Nimetupa kurasa zote 14. Saa 17 zimekwenda. Orodha imeshuka kutoka 240 hadi 130, na kila neno nililolifuta liliniuma.

2 Februari: Yaani, yaani, yaani

Baada ya kupunguza maneno niliogopa kwamba hata hayo matatu hayataeleweka, basi kila moja nikalifafanua papo hapo. "Alishika komeo, yaani chuma cha kufungia mlango." "Alinyata, yaani alitembea polepole bila kufanya sauti." Nilipomaliza sura ya tatu nilihesabu "yaani" 31.

Safari hii nilisoma mimi, wasikilizaji wakiwa watoto sita: wanne wa miaka 10 na 11, wawili wa miaka 13. Kila nilipofika kwenye "yaani" niliona macho yao yakiondoka kwenye hadithi. Zimwi liko nyuma ya mlango, Saida amezuia pumzi, halafu anatokea mwalimu na chaki yake anaeleza maana ya komeo. Hofu haistahimili kukatizwa hivyo.

Nilijaribu pia kuweka maana chini ya ukurasa. Watoto wanne hawakuzisoma kabisa. Wawili walizisoma zote kwanza kabla ya kuanza ukurasa, kwa hiyo walijua kuna "fuvu" kabla Saida hajaliona, na taharuki ikafa.

Nimezifuta zote. Sasa maana inabebwa na kitendo. Saida analisukuma komeo, linagoma, analivuta kwa mikono miwili, linatoka kwenye tundu lake, mlango unaachia. Sentensi nne badala ya moja. Ndiyo sababu riwaya ya namna hii inarefuka. Anayetaka kufuata njia hii ajiandae kwa hilo.

16 Februari: Walivyokisia

Kisio la mtoto lina mantiki yake, na mara nyingi ni mantiki nzuri kuliko sentensi yangu. Makosa mawili ya wiki hii nayaandika kwa kirefu.

Niliandika: "Saida alishikwa na kiwewe, akasimama katikati ya ukumbi asijue pa kukimbilia." Watoto watatu kati ya sita walisema kiwewe ni ugonjwa. Kwa nini wasiseme hivyo? Mtu hushikwa na homa, hushikwa na kikohozi. Nilipoangalia tena niliona kwamba Saida alikuwa pia amelowa na anatetemeka. Nimejenga wodi nzima kisha nawashangaa kwa kumwona mgonjwa. Nimebadilisha: anageuka kushoto, anarudi kulia, anaita jina la mdogo wake ingawa aliapa kunyamaza, anavuta mlango ambao ametoka kuufunga mwenyewe. Baadaye kizuka kinamwambia, "Kiwewe hicho ndicho kitakachokukamatisha. Simama. Fikiri." Kundi lile lile liliposoma upya, wote sita walieleza maana.

La pili: "Malaika zikamsimama." Nililipenda kwa sababu malaika kwa maana ya vile vinyweleo laini vya mkononi ni neno tamu lisilosikika sana siku hizi. Watoto watano waliona malaika wa mbinguni wamekuja kumwokoa Saida na wamesimama mbele yake. Mmoja alifurahi sana kwamba ameokolewa. Katika hadithi ya mizimu na mazimwi, malaika kutokea si jambo la kushangaza hata kidogo. "Zika-" badala ya "waka-" ndiyo dalili pekee niliyowapa, nayo ni ndogo mno kwa jicho linalokimbia.

Nikafikiria kulifuta. Badala yake nimeligawa katika hatua mbili. Sura ya nne ina "vinyweleo vya mikono yake vikasimama". Sura ya sita Saida anautazama mkono wake kwenye mwanga wa kandili, "malaika zote zimesimama wima kama nyasi". Mkono upo, kandili ipo, nyasi zipo. Malaika wa mbinguni hana pa kuingilia.

Kanuni niliyoitoa hapa: neno lenye maana mbili lisiingizwe mahali ambapo maana isiyotakiwa nayo ingeleta hadithi nzuri.

2 Machi: Mlinzi anauliza, "Umesikia nini?"

Hii ndiyo siku mradi ulipopata uti wa mgongo.

Nilikuwa na fungu la sauti na sikujua la kulifanyia. Kishindo, mkwaruzo, mchakacho, mnong'ono, mtutumo, mwangwi. Katika rasimu ya awali niliyatawanya kama pambo, na watoto waliyachukua yote kuwa "sauti tu". Hawakuwa wamekosea. Kwa jinsi nilivyoandika, ungebadilisha mchakacho kuwa mtutumo na hakuna ambacho kingeharibika.

Sasa nimeweka mlinzi mnarani: kizuka kisicho na uso, kinachokaa mbele ya kila ngazi. Hakifungui njia mpaka ujibu swali moja: "Umesikia nini?" Ukijibu "sauti", kinanyamaza na giza linaongezeka. Kila sauti inatoka kwa hatari yake. Mchakacho ni kitu kinachopita juu ya majani makavu, kwa hiyo kina miguu na kiko sakafu hii hii. Mkwaruzo ni kucha ukutani. Mtutumo unatoka chini ya mnara, mbali, bado kuna muda. Kishindo kimeshatua. Mnong'ono unataka ukaribie. Mwangwi ni wewe mwenyewe, hakuna mtu.

Katika ghorofa ya pili Saida anakosea. Anasikia mwangwi, anajibu "mnong'ono", anakimbia sauti yake mwenyewe na kuangusha kandili. Kuanzia hapo sura tatu nzima anatembea gizani kwa sababu ya neno moja.

Nilisoma sura hii kwa kundi bila kufafanua chochote. Saida alipofungua kinywa kujibu, mtoto wa kaka yangu alipiga kelele, "Mwangwi! Sema mwangwi!" Nilinyamaza kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu sikuamini masikio yangu.

Faida nyingine sikuipanga. Manne kati ya maneno hayo yanatokana na vitenzi kwa mtindo mmoja: kwaruza, mkwaruzo; nong'ona, mnong'ono; tutuma, mtutumo; chakacha, mchakacho. Mtoto mmoja wa miaka 13 aliligundua mwenyewe, na alipokutana na "papasa" sura ya saba akauliza kama kuna "mpapaso". Lipo. Hilo sikumfundisha mimi wala kitabu changu, lugha yenyewe ilimfungulia.

Baada ya siku hii nimepitia orodha upya kwa swali moja: likitumika vibaya, mhusika atapoteza nini? Yaliyokosa jibu yametoka. Yamebaki 84.

Saa 22, kurasa 19 zimetupwa. Sijutii hata moja.

16 Machi: Kamusi na viambishi

Watoto wawili walitaka kuangalia kamusi wenyewe. Mmoja alitafuta "akanyemelea" kwenye A, hakupata. Mwingine alitafuta "kupapasa" kwenye K. Kamusi zetu zinapanga vitenzi kwa shina, na mtoto aliyezoea kuona kitenzi kikiwa kimevaa viambishi vyote hajui avue nini ili afikie mwili.

Suluhisho limetoka kwenye amri. Katika Kiswahili, ukimwamuru mtu mmoja, kwa kawaida kitenzi kinabaki na shina lake tupu: nyata, papasa, chungulia, nasua. Kwa hiyo kila kitenzi kipya katika riwaya kinaingia mara ya kwanza kama amri, aghalabu kutoka kwa kizuka. "Papasa ukuta." Kisha Saida akapapasa. Umbo la kwanza ambalo jicho linakutana nalo ndilo lile lile lililo kwenye kamusi. Na amri ya mkato inatisha kuliko maelezo, kwa hiyo hadithi haikudai fidia.

Mwisho wa kitabu nimeweka orodha ya maneno bila maana zake. Mbele ya kila neno kuna namba ya ukurasa lilipotumika. Anayesahau anarudi kwenye tukio.

30 Machi

Sura za saba na nane zimekamilika. Saa 15. Hakuna jipya.

6 Aprili: Sura ya tisa na hofu iliyozidi

Niliamini kwamba kadiri tukio linavyotisha ndivyo maneno yake yatakavyoganda kichwani. Sura ya tisa ndiyo zimwi linapoamka, nami nikaweka maneno manane mapya humo, kwa makusudi, nikivunja kikomo changu mwenyewe.

Watoto waliisoma kwa pumzi moja. Walisimulia kila tukio kwa mpangilio. Katika yale maneno manane walikumbuka moja: komeo, ambalo kumbe si jipya hata kidogo, lilikuwapo tangu sura ya tatu.

Nilimuuliza msichana wa miaka 10, mpole, msomaji makini kuliko wote, imekuwaje. Akasema, "Shangazi, nilikuwa naruka. Nilitaka nijue kama atatoka."

Amenifundisha zaidi ya kitabu chochote. Hofu kali inamfanya msomaji akimbie, na anayekimbia hatazami kuta. Ni hofu ya kungojea ndiyo inayompunguza mwendo: ushoroba ulio kimya, mlango ulio wazi kidogo, pale ambapo msomaji anakitilia shaka kila kitu na kukitazama mara mbili. Hapo ndipo neno jipya linapata jicho.

Nimehamisha maneno yote saba kwenda sura ya nane, kwenye ushoroba. Saida anaona ufa ukutani, bawaba zilizoliwa na kutu, kitasa kisicho na ufunguo. Anavigusa kimoja kimoja. Zimwi linapoamka katika sura ya tisa vitu hivyo hivyo vinarudi kwa sentensi fupi zisizo na maelezo: "Kitasa. Hakizunguki. Bawaba. Moja imelegea." Sasa msomaji anaweza kukimbia, kwa sababu amekwisha kuvijua.

Sura zote zilizotangulia nimezipitia kwa kanuni hii. Saa 26, kazi ndefu kuliko zote katika mradi.

27 Aprili: Baada ya wiki tatu

Kosa la kupima. Tangu mwanzo nilikuwa nauliza maana siku ya pili baada ya kusoma, kwa maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Walipata karibu yote nami nikaridhika. Leo nimewauliza maneno ya sura za mwanzo baada ya wiki tatu, bila majibu ya kuchagua. "Niambie Saida aliingiaje mnarani," kisha nikasikiliza kama neno litakuja lenyewe. Karibu nusu hayakuja. Watoto walisema "kile chuma", "ile sauti ya majani".

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuandika mwaka 1885, baada ya kujipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni kisha kasi inapungua. Na mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alieleza sanduku lake la kadi, ambamo kadi unayoijua inasogezwa mbele ili uikute baada ya muda mrefu zaidi. Niliyajua yote mawili nilipokuwa nikijifunza lugha ya kigeni. Kwa nini sikuyaleta kwenye hadithi?

Nimechora jedwali: maneno kwa upande, sura 14 juu. Kila neno lirudi ndani ya sura lilikoanza, kisha sura inayofuata, kisha baada ya sura tatu, kisha karibu na mwisho. Maneno sita hayakuweza kurudi bila kulazimishwa. Utusitusi ni mojawapo. Saida akishaingia ndani ya giza totoro, nuru hafifu ya machweo haina nafasi tena. Nimeyatoa. Yamebaki 78.

11 Mei: Zimwi "lika-" au "aka-"?

Rafiki yangu anayenisahihishia mswada amepiga mstari chini ya kila "zimwi likapumua" na kuandika "akapumua". Hoja yake ni sahihi: kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa a-/wa-, hata kama umbo la jina ni la ngeli nyingine. Kifaru anakuja, samaki anaogelea. Lakini methali yenyewe inasema "Zimwi likujualo halikuli likakwisha", na kila masimulizi niliyokua nayo yalisema likaja, likanusa, likasema.

Nilimtii. Saa 4 usiku mmoja kubadilisha yote. Asubuhi niliposoma, hofu ilikuwa imetoka kitabuni. "Akapumua nyuma ya mlango" ni mtu fulani. "Likapumua nyuma ya mlango" ni kitu ambacho bado hujui ni nini.

Nimefikia uamuzi ambao sasa naupenda kuliko chochote kitabuni. Zimwi ni "li-" mpaka sura ya 13, pale Saida anapolitambua na kuliita kwa jina lake la zamani. Kuanzia sentensi inayofuata ni "a-". Sielezi popote. Methali ile ndiyo iliyonipa ufunguo: zimwi linalokujua, na unalolijua.

Watoto wawili kati ya sita waliona bila kudokezwa. Mtoto wa kaka yangu aliniletea ukurasa akiwa ameweka kidole: "Shangazi, hapa umekosea." Kabla sijajibu akaendelea kuutazama. "Au limekuwa mtu?"

1 Juni: Hali ilivyo

Sura 13 kati ya 14 zimetulia. Maneno 78, saa 143, kurasa 61 zilizotupwa. Kipimo cha wiki tatu nimekirudia kwa sura tano za mwanzo baada ya kupanga marudio: kati ya maneno 30, mtoto aliyekumbuka machache zaidi alitumia 19 mwenyewe katika kusimulia, na aliyekumbuka mengi zaidi 27.

Lililobaki ni kihoro. Nimelijaribu mara tatu na mara zote watoto wamelisoma kama hofu ya kawaida. Nimeelewa sasa kwamba kihoro kinataka pigo, hasa la kupotelewa, na Saida wangu hapotelewi na mtu. Anampata mdogo wake akiwa hai. Nilikwisha kuamua kulifuta, maana siwezi kumuua mhusika kwa ajili ya neno. Lakini juzi, baada ya sura ya 13, mnara ulipoanguka na wote tukashangilia, yule msichana wa miaka 10 hakushangilia. Aliuliza, "Na yule mlinzi asiye na uso? Alikwenda wapi?"

Sikuwa nimemwandikia mwisho. Wiki hii naandika sura ya 14: Saida anarudi kwenye kifusi asubuhi, anasimama pale palipokuwa na ngazi, anangoja aulizwe amesikia nini, na hakuna anayeuliza.

Kundi linakutana tarehe 15. Matokeo nitayaweka hapa.